Nilivyokata Kauli Kituo cha Kilosa

Mimi sio mtu wa mazoezi, tuelewane kwanza. Nimeletwa Dodoma na ofisi, ile hamahama ya serikali, nikapanga chumba na sebule Chang'ombe kwa bibi mmoja wa Kigogo, na tangu hapo kila Jumamosi niko mnadani Msalato na sahani ya nyama choma. Sasa hapo unategemea nini, suruali zote zikahamia chini ya kitambi.

Dogo mmoja ofisini, mtu wa gym sana, akanambia braza achana na vyuma, nunua mipira ya kuvuta na ile mikanda ya kuning'inia unayofunga mlangoni, mzigo unakuwa mwili wako mwenyewe. Nikaona poa, maana mwili ninao wa kutosha na wa kumgawia mtu.

Shida ikaja kwenye kupima. Chuma kimeandikwa kilo, mpira una rangi tu, na rangi zenyewe kila kiwanda na zake, wa njano kwa huyu ni wa watoto kwa yule unavutia lori. Halafu mpira mnafiki yule. Mwanzo unavutika kama unakupenda, kadiri unavyorefuka ndo unakuwa mbishi, yaani mpira ule ule mmoja ukiushika juu kidogo au chini kidogo ni kitu kingine kabisa. Siku ya pili tu nimekaa chini nimeuzungushia nyayoni navuta, ukachomoka kwenye soli ukanichapa kidevuni kama manati. Nikaufungia kabatini mpaka leo.

Ikabaki mikanda. Nayo haina kilo, pale mchezo wote ni engo: ukisimama karibu na wima unajivuta huku unawaza mengine, ukisogeza miguu mbele kuelekea mlangoni mwili unalala na mzigo unaongezeka. Aliyeibuni ni komandoo wa jeshi la majini la Marekani, Randy Hetrick, mwaka 1997, alianza na mkanda wa jujitsu na tepe za parachuti. Sawa, yeye komandoo. Mimi mhasibu.

Kuna ile hesabu ya 220 toa umri, mimi nina 43 inabaki 177, ndo makadirio ya mwisho wa mapigo ya moyo kwa dakika, ila saa yangu ya mkononi inasoma mapigo hata ukiivalisha ndizi (nimejaribu, ndizi ilikuwa na 84). Dogo akasema basi tumia mdomo. Jipe namba moja mpaka kumi, moja uko kwenye kochi, kumi unakimbizwa na mbwa. Na ukitaka uhakika ongea ukiwa katikati ya zoezi: ukiweza kuimba bado unacheza, ukiweza kuongea ila kuimba imeshindikana hiyo ya wastani, ukibaki na neno moja moja unahema ndo zito hilo. Nirekodi vois noti nimtumie asikie.

Niongee nini sasa peke yangu chumbani? Nikaamua kutaja vituo vya treni ya SGR kutoka Dar, maana navijua kama jina langu.

Jumapili asubuhi nikaanza. Seti ya kwanza nimesimama kizembe, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, Dodoma, nimefika kwa pumzi moja hata tiketi hawajakagua. Nikajipa tatu. Ya pili nikavuta pumzi Morogoro, nikajipa sita. Ya tatu kiherehere kikanipanda, nikasogeza miguu mpaka soli ziko karibu kabisa na mlango, mgongo umelala kama nataka kukaa kwenye kiti ambacho hakipo.

"Pugu... Soga... Ru... vu..."

Bibi yuko barazani anapepeta uwele. Nikasikia ungo umenyamaza.

"Mka... ta... Kilo... Kilo..."

"Mbukwenyi!" Bibi huyo, mlangoni. Salamu ya Kigogo na huwa naiitikia vizuri tu, ila siku hiyo pumzi yote iko Kilosa. Kimya. "Baba, uko salama?"

"Ki... de..."

"Jamani njooni! Mpangaji amekata kauli! Anataja safari huyu!"

Sasa dogo alishanambia, mlango wa kufungia mikanda uwe unafungukia upande wa pili, ili ukivuta uwe unaufunga. Nikaona porojo. Wangu unafungukia ndani, na ufunguo sijazungusha. Bibi akashika kitasa akasukuma, mlango ukafunguka vidole vinne tu ukagota kwenye soli zangu. Lakini vidole vinne vinatosha bwana, kile kisponji kinachoshikilia mkanda kwa nje kikapita kama kimeitwa, kikanifuata mpaka kwenye paji la uso, na mimi nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye beseni la maji. Maji ya mgao, niliyoyakinga saa tisa usiku!

Bibi anachungulia kwenye upenyo, na nyuma yake majirani na bodaboda mmoja ameshawasha pikipiki kwa ajili ya kunikimbiza hospitali. Mimi nimekaa ndani ya beseni, raba miguuni, mishikio bado mkononi. Adabu ikanituma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akaniangalia weee. "Kumbe unaoga?"

"Hapana bibi, mazoezi."

"Na hiyo kamba ya mbuzi?"

Nikawa sina jibu. Bodaboda akazima pikipiki, akauliza hela ya mafuta aliyounguza anamdai nani.

Simu muda wote huo iko kitandani inarekodi, na wakati wa kunitoa kwenye beseni sijui nani akaigusa, ikaenda kwa dogo yote, na bibi akiwemo. Jioni akajibu: "Braza hiyo tisa kabisa. Ila hicho kituo cha 'puu' baada ya Kidete mbona sikijui?"