Hadi 40, lakini hadi wapi?

Fundi alipofika alisimama hatua mbili kutoka kwenye ruta, akatoa simu, akafungua Speedtest, programu ya kupima kasi ya intaneti. Mshale ukapanda hadi megabiti 38 kwa sekunde. Kifurushi chetu ni cha "hadi 40". "Unaona bosi, mtandao uko poa," akasema, na nyuma yangu kikao cha video cha mke wangu na watu wa Hamburg, Ujerumani, kilikuwa kimeganda, mtu mzima kaachama kwenye kioo.

Wengi wetu hapo husema tumedanganywa. Hatujadanganywa. Kampuni inasimamia njia ya kutoka sebuleni kwako hadi kwenye mitambo yake, na ndiyo iliyopimwa. Ruta uliyoificha nyuma ya friji si kosa lake. Wala si kosa lake ukiona faili linashuka kwa 5 ukadhani umepunjwa, kumbe hizo ni megabaiti, na kila moja ni megabiti nane: sawasawa na megabiti 40.

Kinachonikera ni mstari mdogo chini ya ile 38: seva ya Dar es Salaam, milisekunde 4. Yaani kompyuta iliyopimiwa iko hapahapa mjini, na ujumbe ulikwenda na kurudi kwa muda huo. Programu yenyewe hutafuta seva inayojibu haraka, na seva nyingi za aina hiyo zimewekwa na kampuni za mtandao zenyewe. Sasa tazama inavyokuwa data ikipotea njiani. Anayetuma hupunguza mwendo, kisha hupandisha taratibu, akisubiri majibu kutoka upande wa pili. Majibu yakirudi ndani ya milisekunde 4, mwendo umesharudi kabla hujapepesa jicho. Kutoka Dar kwenda Ulaya na kurudi ni kama milisekunde 150. Kujikwaa kulekule, ambako hapa mjini hakuonekani, huko kunakula muda mrefu, na kabla mwendo haujakaa sawa data nyingine imepotea. Isitoshe, Speedtest kwa kawaida hufungua mikondo kadhaa ya data kwa mpigo: mmoja ukiyumba, mingine inaubeba.

Kuna vipimo vingine. NDT, cha mradi wa utafiti wa intaneti uitwao M-Lab, hutumia mkondo mmoja, na seva zake huwekwa nje ya mitandao inayohudumia wateja. Kampuni hulalamika kwamba kinazishushia namba, na hapo zina hoja, maana kivinjari chako nacho hufungua mikondo mingi. Fast.com ya Netflix, iliyoanza 2016, hupima kwa seva za Netflix, hivyo ni vigumu kwa kampuni ya mtandao kukipendelea kipimo bila kupendelea na filamu. Ila baadhi ya seva hizo nazo zimo ndani ya kampuni za mtandao. Tumerudi palepale.

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom, mikongo ya intaneti inayopita chini ya bahari, ilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania na kwa majirani. Kipimo kinachoanzia Dar na kuishia Dar hakipiti baharini. Kingeweza kutoa namba nzuri siku ileile.

Nilimwomba fundi asiondoke kwanza. Kwenye programu ileile nikabadilisha seva, nikachagua ya Frankfurt. Mshale ukapanda, ukasita, ukatulia kwenye 6.

"Hiyo iko mbali, bosi."

Nikamwonyesha kompyuta ya mke wangu. Akaitazama, akacheka kidogo, kisha akajaza fomu yake. Kwenye nafasi ya kasi aliandika 38. Nafasi ya kuandika seva haikuwepo.