Difu ya kubana mafuta

Mi sio mgeni wa magari jamani, Hilux yangu hii ya dizeli ninayo mwaka wa tisa sasa. Shida yangu ni ubahili tu.

Ni ya zamani, injini ni ile aina ya 2L, inaunguruma kama mashine ya kusaga. Ukifikisha 80 inapiga kelele mpaka abiria anaanza kusali. Nikaipeleka kwa fundi wangu Mabatini, hapa Mwanza, nikamwambia dizeli inanimaliza. Akaingia chini kuangalia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye tairi, akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi.

"Bosi, hii difu ni ya kubebea mawe. Kraun, ile gia kubwa, meno 41, pinia, ile ndogo, 9. Yaani propela, ile shafti inayotoka kwenye gia boksi, izunguke mara nne na nusu ndo tairi lizunguke mara moja, sasa injini itaachaje kulia? Ninayo ya 43 kwa 12 hapa. Tatu na nusu na kitu. Injini inatulia, mafuta unabana."

"Na nguvu?"

"Inapungua kidogo. Kwani wewe unabebaga nini, si viti vya harusi?"

"Na difu ya mbele?"

"Foo wili unatumiaga lini?"

Nikacheka. Kweli hiyo ya kuvuta kwa tairi zote nne nilikuwa sijaigusa tangu mvua za mwaka juzi. Akabadilisha ya nyuma, nikalipa, nikaondoka.

Wiki ya kwanza ilikuwa fungate, injini kimya, naongea na simu mpaka nasikia ninachoambiwa. Nikaenda Magu, safari ambayo siku zote inasomaga kilomita 60 na kitu, dashibodi ikaniandikia hazifiki 50. Nikajua wametunyooshea barabara. Nilipopiga hesabu ya lita kwa kilomita nikaona ulaji uko palepale, nikamnunia fundi siku mbili nzima.

Aliyenifumbua macho ni afande wa tochi ya spidi pale karibu na Airport. Kibao cha 50, mshale wangu umekaa 50 kabisa, nimetulia, hata nikamnyoshea mkono. Akanisimamisha. Tochi inasema 63.

"Afande, mi nilikuwa 50, njoo uangalie mwenyewe!"

"Niangalie nini, gari si umeshalisimamisha?"

Elfu 30 hiyo. Fundi nilipompigia akacheka kwanza ndo akajibu, eti waya wa spidi unatoka kwenye gia boksi, haujui huko nyuma nimebadilisha kitu, kwa hiyo ukiona 50 ujue ni 63. Na kilomita vilevile zinaandikwa pungufu, ndo maana hesabu ilikuwa inakataa, kumbe kwenye dizeli nilikuwa nimeokoa kweli. Na zile hela nilizookoa zote nilikuwa nimeshamkabidhi afande.

Sasa Jumamosi shemeji yangu akanipigia, mtumbwi wake wa dagaa unavuja uko Igombe, na fundi wake yuko Buswelu, mzee mmoja mwenye maringo, anasema mgonjwa ndo anapelekwaga hospitali. Shemeji ameshaazima tela. "Shem, Hilux yako si ndo yenyewe?" Ukisifiwa gari huwezi kukataa.

Tukashusha tela majini, vijana wakapandisha mtumbwi, wakafunga kamba. Watu wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, wameacha kuanika dagaa wanatuangalia. Nikaweka namba moja, nikaachia klachi.

Likazima.

Zamani namba moja ya hili gari ilikuwa inapanda ukuta. Sasa imekuwa kama namba moja na nusu, haitaki kuanza na mzigo. Nikawasha, nikakanyaga mafuta mengi, nikaachia klachi polepole, gari likatetemeka, halafu ikaja ile harufu. Mama mmoja muuza mihogo akauliza nani kaunguza.

"Weka foo wili shem!"

Nikaweka, tena ile nzito kabisa ya kuvutia mzigo polepole. Nikasahau kwamba mbele kuna difu ya mzee na nyuma ya kijana. Tairi za nyuma zinataka kukimbia, za mbele zinasema tutembee, kwa hiyo za mbele zikawa breki na za nyuma zikachimba mchanga kama mbwa anayeficha mfupa. Nikazidisha mafuta (najua, najua). Nilipochungulia dirishani bampa ya nyuma imelala mchangani, viwimbi vinaigonga taratibu, na kule nyuma mtumbwi umeanza kuelea juu ya tela.

Kijana mmoja akapiga kelele, "Jamani mtumbwi unalivua gari!"

Alipotokea mzee mmoja na maksai wanne waliokuwa wanatoka shambani, hakuna aliyecheka zaidi yake. Akazunguka gari, akapiga tairi teke. "Ng'wanawane, hili linakulaga nini?" Dizeli, mzee. "Hawa majani." Akafunga mnyororo, akapiga mluzi, wale ng'ombe wakainamisha shingo, hatua moja, hatua nyingine, bila haraka bila moshi, Hilux na tela na mtumbwi vikatoka majini kama sindano kwenye siagi. Elfu 20. Nikasema wabeja, asante ya Kisukuma.

Shemeji hakuniangalia hata usoni, akamuuliza mzee Buswelu bei gani.

Basi msafara ukaondoka, ng'ombe mbele na tela, mi nyuma na Hilux tupu inayonuka klachi. Hata kuwafuata ikanishinda, maana namba moja yenyewe inawapita, kila baada ya mita chache nakanyaga klachi nasimama nawasubiri. Tumefika Airport jua linazama, na yule afande yupo palepale.

Akanyanyua tochi, akaangalia ng'ombe, akaniangalia mimi, akaishusha akanipigia saluti.