Kumtafuta bibi ndani ya mirathi ya aliyemmiliki

Mazungumzo ya kutafuta ukoo wa Wamarekani weusi yakishafika kabla ya 1870 watu wanagawanyika. Kuna wanaosema twendeni kwenye mafaili ya mirathi, wosia, orodha za mali za marehemu, hesabu za wasimamizi, makaratasi yote ya mahakama za kaunti. Halafu kuna wanaosema hapana, yale ni makaratasi ya watu waliomiliki watu, kila neno mle limeandikwa kwa mkono wao na kwa faida yao, saa hizi kuna DNA, tema mate kwenye kichupa utume, achana na kumtafuta bibi yako katikati ya ng'ombe na majembe. Hasira ya hawa wa pili naielewa kabisa na siwezi kumwambia mtu asiumie. Ila naona hao wa kwanza wanahukumiwa kabla hawajasikilizwa, na hasara yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini 1870 wengi mnajua. Sensa ya mwaka huo ndo ya kwanza kuwaandika waliotoka utumwani kwa majina yao, maana zile za 1850 na 1860 ziliwapanga karibu kote kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Sasa jina la mtu wa kabla ya hapo limebaki wapi? Mara nyingi limebaki pale ambapo mmiliki alikufa na warithi wakaanza kudai kila mmoja chake.

Chukueni mfano wa Melvinia, bibi wa nyuma kabisa wa Michelle Obama. Habari yake ilitoka kwenye gazeti la New York Times mwaka 2009. Mzee mmoja wa South Carolina aliandika wosia mwaka 1850 akagawa mali zake, na ndani ya mali hizo kuna mtoto wa kike wa miaka 6 kwa jina la Melvinia, ambaye muda mfupi baadaye alithaminishwa dola 475. Mzee alipofariki mtoto akapelekwa Georgia kwa binti wa marehemu na mumewe, huko ndo alikokulia na kuzaa. Alikufa mwaka 1938, na kwenye cheti cha kifo, pale pa majina ya wazazi, ndugu aliyejaza aliandika kwamba hajui. Yaani hata waliomzika hawakujua katoka tumbo la nani. Bila ule wosia Melvinia angekuwa mwanamke wa Georgia asiye na nyuma, basi.

Hiyo 475 imenikaa kichwani sana. Wanaokataa haya makaratasi huishikilia namba kama hiyo wanasema ona, huu ni ushahidi gani, mtoto kapigwa bei. Ni kweli kapigwa bei na ni uovu, hamna maneno ya kuulainisha. Lakini jiulize ile bei ilipatikanaje. Kawaida mahakama iliteua watu, mara nyingi majirani wasio warithi, wakala kiapo, wakaenda pale shambani wakamwangalia kila mtu na kila kitu, wakaandika, wakatia sahihi, karani akanakili kwenye kitabu. Kwa hiyo nyuma ya namba moja unapata tarehe, mahali, jina la mtoto na majina ya majirani walioshuhudia, na hao majirani nao wana mafaili yao. Na bei yenyewe inasema kitu, inapanda mtoto anavyokua, inashuka mtu akizeeka au akiugua, kwa hiyo ukipata orodha mbili za familia ile ile ya wamiliki zilizopishana miaka kumi hivi unaweza kumfuata mtu yule yule kutoka utotoni mpaka anakuwa mama. Wakati mwingine mama anaandikwa na watoto wake wadogo kwenye mstari mmoja kwa bei moja. Aliyeandika hivyo alikuwa anafanya hesabu yake tu, kumbe katuachia familia nzima.

Kitu kingine, wanaobeza huwa wanazungumzia wosia peke yake, na wosia ni ukurasa mmoja tu wa faili. Wosia unaweza kusema "vyote namwachia mke wangu" ukaishia hapo, hamna jina hata moja. Aliyekufa bila wosia ndo mara nyingi anaacha karatasi nyingi zaidi, maana hapo lazima awepo msimamizi na dhamana yake, orodha ya mali, mnada, madai ya waliokuwa wakimdai marehemu, mgao kwa warithi, na watoto wa marehemu wakiwa wadogo basi kuna hesabu za mlezi kila mwaka, nani kakodishwa kwa nani na kwa shilingi ngapi. Wakigombana ndo kabisa, kesi inachukua miaka na mashahidi wanaeleza nani ni mtoto wa nani.

Nguvu ya haya mafaili utaiona Mount Vernon, mashamba ya rais wa kwanza wa Marekani kule Virginia. George Washington aliandika wosia Julai 1799 akasema watumwa wake waachiwe huru mke wake Martha atakapofariki, akafariki yeye Desemba mwaka huo huo. Kwenye orodha aliyoiandaa mwaka ule mna watu 317, wamepangwa shamba kwa shamba, kwa majina, kazi zao, na nani kaoana na nani. Katika hao, wa kwake mwenyewe ni 123 tu, 153 ni wa mirathi ya mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, na waliobaki kidogo walikodiwa. Custis alikufa mwaka 1757 bila wosia. Kwa sheria ya Virginia mjane akapata theluthi ya kutumia maisha yake tu, akifa irudi kwa uzao wa Custis, kwa hiyo Washington na urais wake wote hakuwa na uwezo wa kuwaachia huru wale 153. Martha aliwaachia huru wale 123 mapema, Januari mosi 1801, naye akafa 1802, na wale wa Custis wakagawanywa kwa wajukuu wanne. Sasa fikiria mwanaume wa upande wa Washington aliyeoa mwanamke wa upande wa Custis, na sheria tangu 1662 inasema mtoto anafuata hali ya mama. Baba huru, mke na watoto wanagawiwa nyumba tofauti, sababu kuna mtu hakuandika wosia miaka 45 nyuma. Ukiwa wa uzao wa familia kama hiyo DNA haitakueleza kwa nini ndugu zako wametawanyika sehemu nne, faili la Custis litakueleza.

Haya, upande wa pili nao wana hoja nzito na si vizuri kuzipita. Wosia unanyamaza pale pale ambapo mwandishi wake alitaka unyamaze. Wosia wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, wa 1826 uliwaachia huru wanaume watano kati ya watumwa wake, wakiwemo Madison na Eston Hemings, lakini haukusema popote kwamba hao wawili ni wanawe, na mama yao Sally, naye mtumwa wake, hakutajwa kabisa. Ukiusoma peke yake unaona bwana kawahurumia mafundi wake. Ilibidi yawepo maelezo ya Madison mwenyewe ya 1873 na baadaye kipimo cha DNA cha 1998 ndo historia ikakaa sawa, na hapo wasomi wengi walikuwa wameshakataa kwa miaka mingi. Hata kwa Melvinia, DNA ndo iliyokuja kuunganisha uzao wake na familia ya wazungu waliommiliki Georgia. Hiyo ni kazi ambayo karatasi isingeifanya.

Halafu kuna moto. Virginia ilipoteza vitabu vya kaunti nyingi, vingine viliungua Richmond mwaka 1865. Ndo maana mwaka 2012 watafiti waliposema Barack Obama, kupitia mama yake mzungu, pengine ni wa uzao wa John Punch, Mwafrika aliyehukumiwa na mahakama ya Virginia kutumika maisha yake yote mwaka 1640, walilazimika kubaki kwenye "pengine". DNA iliwapa ukoo wa Kiafrika, hati zilizobaki zikawapa jina la Bunch, ukoo wa upande wa mama yake Obama, ila karatasi ya kuunganisha baba na mwana pale mwanzoni hamna.

Hata hivyo DNA nayo ina ukuta wake ambao haiusemi kwenye matangazo. Rudi vizazi nane una mababu na mabibi 256, kila mmoja kakuachia kwa wastani asilimia 0.4 hivi, na wengine hawajakuachia chochote kinachoonekana. Mtu wa miaka ya 1750 anaweza akawa bibi yako halisi na damu yako isimtaje. Halafu kipimo hakikupi jina, hakikwambii aliishi shamba gani wala alikuwa mshonaji au mpishi.

Kilichonifanya niandike sasa ni kwamba kazi yenyewe imebadilika. Zamani vitabu vya mirathi vilikuwa na faharasa ya majina ya waliokufa tu, yaani wamiliki, ukiwa hujui mmiliki ulikuwa umekwama. Mwaka 2024 FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo ambayo ni bure, ilianza kuruhusu watu kutafuta neno lolote ndani ya makaratasi ya ardhi na mirathi ya Marekani, mashine imeshasoma ule mwandiko wa mkono. Unaweza ukaandika jina la bibi mwenyewe na kaunti yake. Mashine inakosea, hasa mwandiko wa miaka ya 1700, kwa hiyo fungua picha usome kwa macho yako, jaribu na tahajia zingine, na ukimpata usiishie kwenye ukurasa huo, soma faili lote hadi mgao wa mwisho, kisha yafuate mafaili ya kila mrithi aliyetajwa.