Dawa ya mende si kitoweo

Jumamosi nilikuwa sokoni hapa Kisumu nikitafuta obambla, yaani samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, ya kumpelekea mama mkwe. Muuzaji akafungua gunia, vidudu vyeusi vikatawanyika, na kabla sijasema neno akachomoa mkebe wa dawa ya mende akaipulizia samaki. Psss! "Wamekufa hao, dada. Nikufungie ngapi?"

Nifungie na sanda kabisa.

Yule mdudu ana kosa gani? Ni mbawakawa wa jamii ya Dermestes, na riziki yake ni mizoga. Haoni mzoga kwa mbali kama tai, anaunusa. Vipapasio vyake vifupi vina kirungu nchani, na hapo ndipo pua yake ilipo. Mzoga mbichi haumhusu, huo ni wa inzi, wanaofika dakika chache tu baada ya mnyama kufa. Yeye hungoja nyama ianze kukauka na harufu igeuke. Hapo huruka akiukabili upepo, na harufu ikimpotea huyumba kushoto na kulia hadi ainase tena. Ni fundi kiasi kwamba makumbusho huwafuga wamalizie nyama kwenye mifupa.

Sasa wewe mpasue samaki, umwanike bila chembe ya chumvi, umrundike guniani wiki mbili. Kwa pua ya mbawakawa huo ni mzoga mkavu, na kusema kweli hajakosea. Ua hao ishirini. Harufu iko palepale, kesho watakuja wengine, na mayai yaliyofichwa kwenye mikunjo ya nyama yataanguliwa. Dawa haiondoi harufu ya samaki. Inaondoka na mteja, inaingia sufuriani kwake, na watoto wanalamba mchuzi.

Haya, najua hasara ni hasara. Mabuu yake hutafuna gunia zima likabaki mifupa na unga, na karo haingoji. Lakini chumvi ni ya shilingi ngapi jamani? Samaki aliyekolea chumvi humshinda mdudu huyu, na wazee wetu walilijua hilo bila semina ya hotelini. Hata chandarua kuukuu juu ya kichanja ni afadhali kuliko ule mkebe.

Nilinunua ngege wabichi nikaenda zangu. Mama mkwe akauliza obambla yake iko wapi. Nikamwambia imeliwa na wadudu.