Daraja la Mida: karo inalipwa, lakini mbao zikioza?

Watu wa Watamu na Gede washalijua lile daraja la mbao linalokatisha mikokoni pale Mida Creek, Kilifi, karibu mita 260 hivi, unatembea likiyumba mpaka unafika kwa kibanda cha kuangalilia ndege, na maji yakijaa unawaona wale ndege weusi kwa weupe wanaokula kaa, crab-plover, wakijikusanya, ambao kutaga wanaenda hadi Uarabuni na wanachimba mashimo mchangani. Nyuma ya daraja hilo kuna shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya na mpango wao wa ASSETS ulioanza 2001. Mgeni analipa kiingilio, pesa inasaidia karo ya watoto wa sekondari wanaotoka vijiji vya pale Mida na pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke.

Hapo mi nawaunga mkono kabisa. Mzazi ambaye angeingia kukata boriti ndio apate karo, sasa mkoko uliosimama ndio unamlipia. Kibao cha kukataza kukata miti hakijawahi kulipia mtu karo.

Lakini mvuvi asiye na mtoto sekondari anapata nini? Kule Gazi, Kwale, daraja la mikokoni linaendeshwa na kikundi cha kina mama wenyewe, na pesa ya mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko, imeenda kwa maji na shule, na maji kila mtu anachota, awe na mwanafunzi asiwe naye. Halafu kiingilio kinategemea wageni, na 2020 corona ilipoingia ndege za abiria zikasimama, pwani nzima ikalala, ilhali karo haingojei mtalii arudi.

Kinachonisumbua zaidi ni ukarabati. Mbao juu ya maji ya chumvi zinaoza, misumari inashika kutu, na wafadhili wengi wanapenda kujenga kipya chenye sherehe ya ufunguzi kuliko kubadilisha ubao mmoja. Kuna watakaosema kila shilingi ya mbao imetolewa kwa mtoto, na ni kweli, inauma. Ila daraja likifungwa hakuna kiingilio na hakuna basari yenyewe. Kwa hivyo mi ningetaka fungu la ukarabati litolewe kwanza kabla ya kugawa karo, lisiguswe, na wanaoamua wawemo wavuvi na kina mama wa vijijini, maana shirika likihama siku moja ni wao watabaki na hilo daraja.