Changieni Mabomba Kwanza, Vibao vya Shaba Baadaye

Hakuna mtu mzima anayekosa usingizi kwa kuwaza bomba la majitaka la jumba aliloishi akiwa na miaka ishirini. Anachokumbuka ni ngazi za mbao, kelele za mezani, usiku wa kuamkia mtihani, na rafiki ambaye sasa ni marehemu. Ndiyo maana kampeni nyingi za kukarabati majumba ya kale ya frateniti, vile vyama vya udugu vya wanafunzi wa vyuo vya Marekani, huanza na picha za zamani na kuishia kwenye kibao cha shaba chenye jina la mfadhili. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo huharibika. Fedha za wahitimu zingeanzia chini ya sakafu na ndani ya kuta, na kabla hazijatoka mfukoni, mwenye nazo angeuliza hati ya jumba iko kwa nani na nani anawajibika kwa yanayotendeka humo usiku. Akishajibiwa, vibao waweke hata mia.

Mimi si mwanachama wa chama chochote cha namna hiyo. Nimeingia katika habari hizi kwa mlango wa nyuma: mfanyakazi mwenzangu yumo katika kamati ya kuchangisha, na aliposikia kwamba nimewahi kuwa mweka hazina wa harusi kadhaa za Watanzania hapa Marekani, akaona amepata mtaalamu. Nilicheka, lakini hakukosea sana. Kuna ahadi, kuna wanaotoa ahadi kubwa mbele za watu kisha simu zao hazipokelewi, na kuna yule mjomba mmoja ambaye asipotoa yeye, ukumbi haulipiwi.

Tofauti ni kwamba harusi ina tarehe. Jumba halina. Paa la vigae vya mawe likianza kuvuja leo, litavuja polepole kwa miaka kumi kabla dari haijaanguka, na katika miaka hiyo wanafunzi wanaoishi humo watakuwa wamebadilika zaidi ya mara mbili. Kila kundi linajua litaondoka, na kodi wanayolipa hutosha chakula, umeme na joto la msimu wa baridi, wala haibaki akiba ya maana. Katika vyuo vingi jumba lenyewe si mali ya chuo. Linamilikiwa na shirika dogo la wahitimu wa chama, watu wanaojitolea, wenye kazi zao katika miji ya mbali, wanaokutana mara chache kwa mwaka. Hao ndio wanaopokea ripoti ya mhandisi inayosema boila, yaani mtambo wa kupashia jumba joto, imechoka, nyaya za umeme ni za enzi za mababu, na rangi ya kutani ina madini ya risasi kwa sababu ilipakwa kabla ya marufuku ya mwaka 1978.

Namna kamati zinavyochangisha ni ujanja wa kikazi, nami sina ugomvi nao. Kwanza kuna kipindi cha kimyakimya. Wajumbe huwaendea matajiri wachache, mmoja mmoja, kwa chakula cha mchana, na kampeni haitangazwi kwa wote mpaka sehemu kubwa ya lengo imeshaahidiwa. Kisha barua hutumwa kwa kila mhitimu ambaye anwani yake imepatikana, na ahadi huruhusiwa kulipwa kidogokidogo kwa miaka kadhaa. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wachache. Wengi waliobaki hutoa kidogo, lakini uwingi wao ndio unaompa tajiri moyo wa kuongeza.

Sheria ya kodi ndiyo inayoleta vituko. Mchango unaokwenda moja kwa moja kwa klabu ya kijamii haumpunguzii mtoaji kodi ya mapato, na mbele ya serikali frateniti ni klabu ya kijamii. Mchango kwa taasisi ya elimu humpunguzia. Kwa hiyo vyama vingi vina mfuko wa elimu kando, na mfuko huo unaweza kugharimia sehemu ya jumba inayotumika kwa masomo tu. Ndiyo sababu katika michoro ya ukarabati utakuta maktaba pana, vyumba vya kusomea kila ghorofa, na nyaya za intaneti za kutosha ofisi ya balozi. Ukiniuliza kama vijana wa miaka kumi na tisa wanasoma kiasi hicho, nitakuomba tubadilishe mazungumzo. Muswada wa kuruhusu mifuko ya hisani igharimie makazi haya, pamoja na vifaa vya kuzimia moto, umepelekwa kwenye bunge la Marekani zaidi ya mara moja. Msomaji na atafakari hilo: rafu ya vitabu ilipewa nafuu kwa urahisi kuliko kinyunyizio cha maji darini.

Nataka nikae kidogo katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, kilipo Chuo Kikuu cha Cornell, kwa sababu pale habari yote ya majumba haya imekusanyika kwenye kilima kimoja.

Mwanzilishi wa chuo, Ezra Cornell, alitajirika kwa biashara ya telegrafu. Mwaka 1867 alianza kujijengea jumba la mawe, akafariki mwaka 1874 kabla halijakamilika. Jumba linaitwa Llenroc, jina la ukoo wake likisomwa kutoka nyuma kwenda mbele. Frateniti ya Delta Phi ililinunua mwaka 1911, na sasa limo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Wengi hudhani kuingia kwenye orodha hiyo ni kinga. Sivyo. Mmiliki binafsi anayetumia fedha zake mwenyewe hazuiwi na orodha ile kubadilisha jengo lake, hata kulibomoa; masharti makali hutoka kwa sheria za mji, au huja pamoja na fedha za serikali. Kamati inayoandika katika barua yake kwamba jumba “linalindwa na taifa” inawapumbaza wahitimu wake. Kinacholilinda ni mtu kupanda juu ya paa kila mwaka akaangalia vigae.

Jirani na hapo palikuwa na kasri jingine, lililojengwa kwa ajili ya Jennie McGraw, mrithi tajiri aliyefariki mwaka 1881 bila kuwahi kuliishi. Baadaye likawa jumba la frateniti ya Chi Psi. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 1906 liliteketea. Walikufa watu saba: wanafunzi wanne na wazima moto watatu waliokuja kuwaokoa. Kwa fahari ya nje halikupungukiwa na kitu.

Miaka tisini baadaye hadithi ikajirudia Chapel Hill, North Carolina. Tarehe 12 Mei 1996, siku ya mahafali ambayo pia ilikuwa Siku ya Mama, jumba la Phi Gamma Delta liliwaka na wanafunzi watano wakafa, wazazi wakiwa wamesafiri kuja kupiga picha za joho. Baada ya msiba ule mji ulilazimisha vinyunyizio vya maji katika majumba yote ya aina hiyo. Sisi tuliosoma bweni Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa. Shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001: wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana nondo. Moto ule uliwashwa kwa makusudi, ndiyo, lakini mlango uliofungwa ndio uliofanya idadi ifike pale. Kwa hiyo ninaposoma bajeti ya ukarabati, macho yangu huenda kwanza kwenye milango ya dharura, ngazi za nje na vinyunyizio. Vikiwa vimewekwa katika “awamu ya pili”, najua kamati imeamua nini, hata kama haijasema. Awamu ya pili ni mahali ambapo mambo yasiyo na mfadhili huenda kulala.

Mwenzangu alinijibu kwamba hakuna anayetaka jina lake liandikwe kwenye kinyunyizio. Namwelewa. Nikamwambia basi waliandike ukumbini, lakini fedha ziende darini. Kampeni hainyimwi haki ya kuuza kumbukumbu. Inachokosea ni kuacha kumbukumbu ziamue kipi kitengenezwe kwanza.

Lipo jambo zito kuliko moto, nalo ni lile ambalo hata fundi bora hawezi kulitengeneza. Katika Chuo Kikuu cha Penn State, jumba la Beta Theta Pi lilikuwa limekarabatiwa kwa mamilioni ya dola yaliyotolewa na mhitimu mmoja, mwekezaji wa majengo kutoka California. Jumba lilipendeza, lilikuwa na sheria ya kukataza pombe, na kamera za usalama zilikuwa zimefungwa. Mwezi Februari 2017, usiku wa kuwapokea wanachama wapya, Timothy Piazza, kijana wa miaka 19, alinyweshwa pombe kupita kiasi, akaanguka kwenye ngazi za kwenda chini, akaachwa kwa saa nyingi bila msaada. Alifariki tarehe 4 Februari. Kamera za ukarabati ule ndizo zilizoonyesha yote mahakamani. Chuo kikakifukuza chama hicho moja kwa moja, na mfadhili naye akaenda mahakamani kudai fedha zake.

Huwa najiuliza mzee yule alijisikiaje. Alifanya yote ambayo barua za michango huomba: alitoa kwa ukarimu, akajenga kwa ubora, hata kamera akaweka. Lakini kutazama kamera ni kazi ya mtu, na usiku ule hakuna mtu mzima mwenye mamlaka aliyeingilia kati. Ndiyo maana nasema mfadhili mwenye akili atoe na fungu la mishahara: meneja wa jumba anayeishi humohumo, asiye mwanafunzi, anayelipwa vizuri kiasi cha kutoogopa kuchukiwa na vijana. Fungu hili ni gumu kulichangishia kuliko hata mabomba. Halina sura, halizinduliwi kwa kukata utepe, na linahitajika kila mwaka.

Tena kuna suala la hati. Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine, kiliamua mwaka 1997 kuziondoa frateniti zote katika muda wa miaka michache, na majumba mengi yakageuzwa kuwa makazi ya wanafunzi ya chuo. Chuo cha Amherst kilizifuta mwaka 1984. Mhitimu aliyetoa fedha miaka michache kabla ya uamuzi kama huo alikarabati nyumba ambayo chama chake hakiishi tena. Huenda hilo si baya. Jengo limebaki na wanafunzi wanalala humo. Lakini angestahili kujua mapema, na mkataba wa mchango ungesema fedha zitakwenda wapi chama kikifungwa. Ajabu ni jinsi watu wanaosoma kila mstari wa mkataba wa gari wanavyotia saini ahadi ya dola elfu hamsini kwa kuwa tu barua imeanza na neno “Ndugu”.

Na hilo neno nalo halikuwahi kuwa la kila mtu. Amherst hiyohiyo, mwaka 1948, tawi la Phi Kappa Psi lilifukuzwa na makao makuu kwa kosa la kumkubali mwanafunzi mweusi. Vyama vingi vilikuwa na vifungu vya wazungu tu katika katiba zao. Kwa hiyo kamati inapojivunia “miaka mia ya undugu” katika kijitabu chake chenye karatasi nzuri, kuna wahitimu wa chuo hichohicho ambao baba zao wasingepita mlango ule ila kwa kubeba sahani.

Nasema sahani nikiwa na maana yake. Turudi Ithaca, Desemba 1906. Siku tatu kabla ya kasri la Chi Psi kuungua, tarehe 4, wanafunzi saba weusi wa Cornell walianzisha Alpha Phi Alpha. Mwaka wa masomo wa 1904 hadi 1905 chuo kilikuwa na wanafunzi sita weusi, na hakuna hata mmoja aliyerudi mwaka uliofuata. Upweke na ubaguzi viliwashinda. Hawa saba walitaka kubaki. Baadhi yao walijipatia riziki kwa kazi za utumishi katika majumba ya vyama vya wazungu. Jumba lao wenyewe hawakuwa nalo, walikutana katika nyumba za familia nyeusi za mjini. Chama kile kilikuja kuwa na wanachama kama Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na Martin Luther King.

Nilimweleza mwenzangu habari hii, nikamwambia kama kijitabu chao kitakuwa na ukurasa wa historia, basi historia iwekwe yote, pamoja na miaka ambayo katiba yao iliwafungia watu mlango. Wahitimu vijana wataiheshimu kampeni zaidi, na wazee watakaonuna ni wachache kuliko anavyodhani. Akaniuliza kama nina mfano wa kufungia ukurasa huo, kitu kinachohusu majengo. Ninao. Mmoja wa wale saba, Vertner Tandy, alisomea usanifu wa majengo palepale Cornell, akawa msanifu mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo la New York. Ndiye aliyechora Villa Lewaro, jumba la Madam C. J. Walker, mwanamke mweusi aliyetajirika kwa bidhaa za nywele, kule Irvington, kando ya mto Hudson. Lilikamilika mwaka 1918, na mpaka leo limesimama.