Kocha Mpya Amenikatia Riziki ya Lawama

Sisi mashabiki wa timu zinazotia watu presha tuna haki zetu, ingawa hazijaandikwa mahali popote, na ya kwanza miongoni mwake ni haki ya kulalamika bila kubughudhiwa. Nimeishabikia Cleveland Cavaliers, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, kwa muda wa kutosha kuijua haki hiyo na kuitumia ipasavyo, ndiyo maana nasema bila kumumunya maneno kwamba yaliyonipata mwanzoni mwa msimu wa 2024-25, timu ilipokabidhiwa kwa kocha mpya Kenny Atkinson, yalikuwa uonevu mtupu. Mtu anatumia miezi yote ya mapumziko ya ligi kuandaa lawama zake, anazipanga kwa uzito, anazifanyia mazoezi bafuni, halafu timu inashinda michezo yake 15 ya kwanza mfululizo bila kumwachia hata upenyo wa kuguna.

Na lawama zenyewe hazikuwa za kuokota. Msimu uliotangulia tulishinda michezo 48 na kupoteza 34, tukafika raundi ya pili ya mchujo wa kutafuta bingwa, na huko Boston Celtics wakatutoa kwa michezo minne kwa mmoja. Baada ya hapo uongozi ukamwachisha kazi kocha J.B. Bickerstaff, na mimi nikaketi nikisubiri wachezaji nao wafungiwe virago, kwa sababu hoja yangu kuu ilikuwa juu yao. Darius Garland na Donovan Mitchell walikuwa walinzi wawili wafupi, yaani wachezaji wa nyuma wanaouongoza mpira, na kila timu pinzani ilitafuta namna ya kumpitishia mmoja wao mtu mrefu. Jarrett Allen na Evan Mobley ni warefu wawili ambao wote makazi yao ni chini ya kikapu, kiasi kwamba mwenzao akitaka kupenya na mpira anakuta mlango umezibwa na watu wa nyumbani. Wafupi wawili nyuma, warefu wawili mbele: hoja hii ni rahisi, inaeleweka hata kwa mtu asiyejua mpira wa kikapu, na pale kazini nilipoitoa saa ya chai hata mhasibu, ambaye hushughulika na soka peke yake, alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Basi uongozi ukafanya nini? Ukaleta kocha mpya na kuwaacha wachezaji wale wale. Garland yupo, Mitchell yupo na amesaini mkataba mwingine, Allen yupo, Mobley yupo. Nilisema wakati ule, na sikusema kwa sauti ya chini, kwamba hiyo ni kama kumfukuza dereva kwa sababu gari halina magurudumu.

Mchezo wa kwanza ulikuwa ugenini Toronto, na tulishinda kwa pointi 136 dhidi ya 106. Nikatafuta cha kukosoa nikakikosa, na aliyeniudhi kuliko wote siku ile alikuwa Mobley. Zamani kijana huyu akidaka rebaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, alikuwa akigeuka kwa adabu, anamtafuta Garland, anampa mpira, kisha anaanza safari ya kwenda upande wa pili kama mtu aliyetumwa dukani. Sasa anadaka rebaundi na kuondoka nao yeye mwenyewe, anaudundisha katikati ya uwanja na urefu wake wote ule, wapinzani wanarudi kinyumenyume huku wakiulizana kwa macho nani amzuie, na mimi kwenye kochi ninabaki na sentensi yangu ya «huyu kijana haelewi nafasi yake» ikining'inia mdomoni bila pa kwenda. Ilionekana wazi kwamba kocha amempa ruhusa hiyo, na wala haikuwa bahati ya siku moja.

Mitchell naye, ambaye alizoea kucheza kama dakika 35 kwa mchezo, akawa anacheza takriban 31, na muda mwingine amekaa kwenye benchi na taulo begani, anacheka. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu nyota wa timu anayechoshwa mpaka anafika kwenye mchujo akichechemea. Nani sasa angeisikiliza? Garland, ambaye msimu uliopita alivunjika taya, alirudi akitupa mipira ya pointi tatu kana kwamba taya ndilo lililokuwa likimzuia. Nikahamia kwa wachezaji wa akiba, kwa maana huko ndiko mlalamikaji mwenye uzoefu hupata chakula cha dharura, na huko nako nikamkuta Ty Jerome akitoka benchi na kufunga kwa utulivu wa mtu anayekunywa maji.

Nyumbani hali haikuwa nzuri. Wenzetu wa Marekani huanza michezo saa moja jioni kwa saa zao, ambayo mwezi wa Oktoba kwetu Afrika Mashariki ni saa nane usiku, na hilo nilikuwa nimelizoea. Lakini ikifika Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa zao nyuma kwa mwendo wa saa nzima, wala hawaulizi kama kuna mtu ng'ambo ya bahari ambaye amekwisha kupanga usingizi wake, na mchezo ule ule unahamia saa tisa. Ukianza saa tisa unaisha karibu na saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati ambapo hakuna faida ya kulala wala heshima ya kuwa macho. Miaka ya nyuma jambo hili lilijitatua lenyewe, kwa kuwa ikifika robo ya tatu tulikuwa tumeachwa kwa pointi ishirini na mimi ninazima televisheni kwa hasira na kulala kama mtoto. Timu inayoshinda haina huruma hiyo.

Mama watoto, ambaye kwa miaka yote amekuwa akiniuliza kwa nini ninakesha kuangalia watu wanaofungwa, alivumilia wiki za mwanzo. Kisha alfajiri moja akasimama mlangoni na khanga yake begani na kusema: «Baba watoto, ulisema unakesha kwa sababu huenda siku moja wakashinda. Sasa wanashinda kila siku. Bado unakesha kutafuta nini?» Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Alinitazama, akazima taa ya sebuleni, akaniacha gizani na robo ya nne.

Na yote hayo ningeyastahimili kama asingekuwapo shemeji. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anaishabikia Detroit Pistons, na ni wajibu wangu kueleza kilichowapata wale watu ili msomaji apime mwenyewe ukubwa wa kiburi chake. Msimu wa 2023-24 Detroit walimleta kocha mpya, Monty Williams, kwa mkataba mnono. Wakashinda michezo miwili kati ya mitatu ya mwanzo, na shemeji akanipigia simu mchana kweupe, tena kwa salio lake mwenyewe, kunitangazia kwamba zama mpya zimeanza. Zilikuwa zimeanza kweli, kwani baada ya simu ile Detroit walipoteza michezo 28 mfululizo, idadi ambayo hakuna timu nyingine katika historia ya NBA iliyowahi kuifikia ndani ya msimu mmoja. Walimaliza na ushindi wa michezo 14 kati ya 82. Mimi ni mtu mwenye staha, kwa hiyo nilimpigia simu kumpa pole baada ya kila mchezo waliopoteza.

Sasa Williams alipoondoka, Detroit walimchukua nani? Walimchukua Bickerstaff, kocha yule yule tuliyemwachisha sisi. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu mchezo wetu wa kwanza nyumbani ulikuwa dhidi yake, na tulimfunga, na Detroit wakapoteza michezo yao minne ya mwanzo. Nikampigia shemeji. Badala ya kulia, akanijibu kwa sauti ya mzee wa baraza: «Shemeji, msimu bado mchanga.»

Hakuna maneno yanayonichefua kama hayo. Ukishinda, msimu bado mchanga. Ukishindwa, msimu bado mchanga. Kila timu ina michezo 82 na watu wa aina ya shemeji hawataki uhisi chochote mpaka ufike wa sabini. Mimi nauliza, kama matokeo ya Oktoba na Novemba hayana maana, kwa nini yanaandikwa kwenye msimamo? Mtu akinikopa fedha mwezi wa Januari sitamwambia mwaka bado mchanga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Detroit wake walianza kuinuka polepole, bila kelele, na kufikia Aprili walikuwa wameshinda michezo 44, zaidi ya mara tatu ya ile ya msimu uliopita, wakaingia kwenye mchujo. Hajanipigia simu hata mara moja kunicheka. Huo ndio ubaya wake.

Ningependa pia ieleweke kwamba mashaka yangu juu ya makocha wapya yana sababu, na sababu hiyo ina tarehe. Mwaka 2010, nyota wetu LeBron James alipotuacha akaenda Miami, timu ilikabidhiwa kwa Byron Scott, na katika mchezo wake wa kwanza kabisa tuliwafunga Boston Celtics, waliokuwa wametoka kucheza fainali miezi michache nyuma. Watu walisherehekea. Watu walisema tunaweza kuishi bila LeBron. Msimu ule ule tukapoteza michezo 26 mfululizo na kumaliza na ushindi wa 19 tu. Aliyepitia hayo akimwona kocha mpya anashinda mchezo wa kwanza hapigi makofi, anatafuta mahali pa kujishikilia.

Ushindi ulipofika kumi na kuendelea, wachambuzi wakaanza kufungua makabrasha, na hapo nilipata matumaini kidogo. Kabla yetu ni timu tatu tu zilizowahi kuanza msimu kwa ushindi wa michezo 15: Washington Capitols ya kocha Red Auerbach msimu wa 1948-49, Houston Rockets ya 1993-94, na Golden State Warriors ya 2015-16, ambayo ilifika hadi 24 chini ya kocha msaidizi Luke Walton, kwa kuwa kocha mkuu Steve Kerr alikuwa akiuguza mgongo. Katika hao watatu, Houston peke yao ndio waliochukua ubingwa. Capitols walishindwa kwenye fainali, na Warriors walishinda michezo 73 ya msimu wa kawaida, kisha wakaongoza fainali kwa michezo mitatu kwa mmoja na wakapinduliwa. Waliowapindua ni sisi, Cleveland. Kwa maneno mengine, hata nilipotafuta katika historia ushahidi kwamba mwanzo mzuri hauna maana, niliukuta ukiwa umeshikwa na timu yangu mwenyewe upande wa washindi, na nikashindwa kuutumia.

Pale kazini nako mambo yakaharibika. Mhasibu yule yule aliyesikitika nami saa ya chai akaja siku moja na kofia ya rangi ya divai yenye nembo ya Cleveland, akaketi kwenye kiti changu, na kuanza kutueleza kwamba siri ya Atkinson ni kasi na pasi nyingi. Nilimuuliza Mobley anavaa jezi namba ngapi. Akasema namba hazina umuhimu, kilicho muhimu ni mfumo. Waliokuwapo wakakubaliana naye, na mtu mmoja akamwongezea chai.

Mchezo wa kumi na tano, dhidi ya Charlotte, niliusubiri kwa hamu kwa sababu kocha aliamua kumpumzisha Mitchell. Hapo nikasema sawa, leo amejipeleka mwenyewe: nani anampumzisha nyota wake katikati ya mfululizo kama huu? Nilikaa mbele ya televisheni nikiwa na kalamu. Tulishinda kwa pointi 14.

Hatimaye, tarehe 19 Novemba kwa saa za Marekani, tulikwenda Boston na kufungwa 120 kwa 117. Mabingwa watetezi, waliotutoa kwenye mchujo miezi sita nyuma, uwanjani kwao, kwa pointi tatu. Sikusikitika hata kidogo, maana lawama zangu zilikuwa zimeiva kwa wiki nne bila kupakuliwa. Alfajiri ile sikulala. Niliziandika upya zote kwenye karatasi, nikaanza na warefu wawili mbele, nikaunganisha na wafupi wawili nyuma, nikaweka aya nzima kuhusu mazoea ya kupumzisha watu, na mwishoni nikaacha nafasi ya kumtaja mhasibu kwa mafumbo. Nilipofika kazini nikakuta mkuu wa idara ameitisha kikao cha bajeti ambacho kilimeza saa ya chai, kikameza na chakula cha mchana, na kila nilipomwinamia jirani yangu nianze na Garland, nilionyeshwa kidole cha kunyamaza. Nikasema haidhuru, kesho nayo ni siku. Usiku uleule timu ikaingia tena uwanjani nyumbani, ikawafunga New Orleans, na asubuhi nilimkuta mhasibu mlangoni amekwisha kuvaa ile kofia, akiniuliza ile karatasi niliyoikunja mfukoni ina habari gani.